Gia, grisi na vumbi la Dodoma: shajara ya TT-02

Jumamosi, 7 Juni

Gari limefika jana jioni kwa basi kutoka Dar, ndani ya boksi la tambi, limefungwa magazeti. Ni TT-02, gari dogo la rimoti la kampuni ya Tamiya, ukubwa wake moja ya kumi ya gari halisi, na ni mtumba. Aliyeniuzia alisema "linanguruma kidogo ila linatembea". Kidogo! Nilipochomeka betri na kugusa rimoti, paka alitoka ndani mbio, jirani akachungulia juu ya ukuta. Lilikuwa linalia kama mashine ya kukoboa iliyoishiwa mahindi.

Kwa asiyelijua, TT-02 ni gari la lami, limekuwepo tangu 2013, na magurudumu yote manne yanavuta. Kuna mota moja. Pinioni yake, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota, ina meno 22 na inasukuma gia kubwa ya plastiki yenye meno 70. Gia hiyo inazungusha shafti inayokwenda mbele na nyuma, na kila upande una difu, inayoruhusu tairi la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti, na kraunwili yake, gia inayoizungusha difu hiyo. Mpangilio ni ule ule wa Land Cruiser, tofauti ni kwamba hapa difu inaenea kiganjani.

Nilipiga hesabu kwa chaki kwenye ukuta wa banda: 70 gawanya kwa 22 ni 3.18. Kraunwili inapunguza tena mara 2.6. Kwa hiyo mota inazunguka mara 8.27 ndipo tairi lizunguke mara moja. Mota ya kawaida ya aina ya 540 inakwenda kama mizunguko 15,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, yaani gia hizi za plastiki hazina muda wa kupumzika hata kidogo.

Leo nimefungua kifuniko cha gia kubwa tu, na yaliyomo yametosha kuniharibia chai. Mwenye gari wa kwanza alipaka grisi ya beringi za gari kubwa, ile ya kahawia, kila mahali: kwenye pinioni, kwenye gia kubwa, kwenye shafti, hadi kwenye skrubu. Nilichota kidogo nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Haikuteleza. Ilikwaruza, kama dawa ya meno iliyotiwa mchanga. Nikaifuta pinioni kwa kitambaa na kuinua mbele ya dirisha. Pinioni nzima huwa na jino lenye kichwa bapa na mabega mawili. Hii imekuwa na meno membamba yaliyochongoka kama ya msumeno, na ncha zote zimelalia upande mmoja.

Naweza kuisimulia hadithi yake bila kuwepo. Gari lilianza kulia, mtu akaongeza grisi. Grisi ikakamata vumbi, vumbi likala meno, kelele ikazidi, akaongeza nyingine.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya kuosha. Baraka, mpwa wangu, amekuja baada ya ibada akiwa na hamu ya kuendesha, nikampa mswaki wa zamani.

"Mjomba, si tungelimwagia petroli tu liishe?"

Nilimwambia hapana. Bodi ni ya polikaboneti, na plastiki ya namna hiyo ikiguswa na petroli inaweza kupasuka nyufa nyembamba kama kioo cha simu. Halafu petroli karibu na jiko la mkaa la shangazi yake ni habari nyingine kabisa. Vipande vya chuma tumeviloweka kwenye mafuta ya taa, ndani ya kopo la maziwa. Vya plastiki vimeoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Inachukua muda, kwa sababu kila bonde kati ya jino na jino lazima lipitiwe na mswaki, na kraunwili ina mabonde mengi kuliko subira ya kijana wa miaka kumi na tatu.

Difu nimeifungua mwenyewe. Ndani kuna gia mbili kubwa, moja kwa kila tairi, na vigia vitatu vidogo vilivyokaa kwenye nyota ya mikono mitatu katikati yao. Piga picha kabla hujagusa. Mimi nilipiga, ikatoka imetiwa ukungu na kidole cha Baraka.

Bushi moja, pete ya plastiki inayoshika shafti, ilijificha kwenye povu, ikamwagwa na maji kwenye mchicha. Tumeitafuta dakika ishirini tukiwa tumepiga magoti. Tulipoipata nikagundua kwamba haikustahili kutafutwa: tundu lake limekuwa yai. Shafti ya milimita 5 inacheza ndani yake, nasikia tak tak nikiitikisa. Zote ziko hivyo. Hizi ndizo bushi za plastiki zinazokuja na gari, na baada ya vumbi lote lile zimefika mwisho. Shafti ikicheza, pinioni na gia hazikutani mahali pamoja kila mzunguko, na hapo hakuna grisi itakayookoa chochote. Kwa hiyo beringi kwanza.

Jumatano, 11 Juni

Binamu yangu aliye Dar amepita Gerezani kunitafutia. Tamiya wanaiita beringi hii 1150, maana yake kipenyo cha nje milimita 11 na cha ndani milimita 5. Ukiitaja hivyo kwenye duka la beringi za mashine watakutazama tu. Wao wanaijua kama MR115, unene milimita 4. Duka la kwanza walimpa 608, ya viatu vya magurudumu, tundu lake milimita 8. Duka la tatu walikuwa nazo.

Alinipigia simu akiwa kaunta: ziko zenye kifuniko cha bati na zenye kifuniko cha mpira, anataka nichague. Za bati huzunguka wepesi zaidi kwa sababu kifuniko hakigusi pete ya ndani. Lakini huo uwazi ndio mlango wa vumbi, na mji huu mwezi wa sita hadi wa nane upepo hauombi ruhusa. Nimechukua za mpira.

Jumamosi, 14 Juni

Beringi zimeingia. Kabla ya hapo nilifanya jaribio: nilitoa pinioni ili mota isiburute, nikaegemeza ubao kwenye tofali mbili, nikaliachia gari literemke na kupima liliposimama kwenye sakafu. Kwa bushi za zamani: mita 2 na kidogo. Kwa beringi: lilipita mlango likaenda kugonga ndoo uani. Baraka alitaka tupime tena na tena. Sikumzuia.

Sasa vilainishi. Mezani nina vitu vinne, na kila kimoja kina kazi yake.

Grisi ya seramiki ya Tamiya, nyeupe, laini. Ile ya HG ina boroni nitridi ndani yake. Hii ni ya plastiki kwa plastiki na inatosha kwa kraunwili.

Grisi nzito ya difu, ile Tamiya wanayoiita AW. Inavutika kama ubani uliotafunwa, na ikishika kidole ni mpaka kitambaa.

Mafuta ya cherehani. Tone moja kwa kila beringi isiyo na grisi ya kiwandani, na tone moja kila mwisho wa mota pale shafti inapopita kwenye bushi. Tone. Likifika kwenye brashi za mota ni hasara.

Cha nne ni mafuta ya silikoni ya difu, 10,000 cSt (kipimo cha uzito wa mafuta), chupa niliyopewa na rafiki wa Arusha anayeendesha magari makubwa zaidi. Uzito wake ni kama asali. Nilisoma mahali kwamba difu ya mafuta ni laini kuliko ya grisi, na ujuaji ukanipanda. Nimejaza difu ya mbele kwa bomba la sindano hadi mafuta yakafunika nyota, nikasubiri mapovu yapande, nikafunga. Ikageuka taratibu, tamu, kama kufungua mfuniko wa chupa ya krimu. Nimeilaza juu ya karatasi ya daftari.

Jumapili, 15 Juni

Karatasi imelowa hadi meza. Difu iko nyepesi kama haijawahi kutiwa kitu.

Kosa langu lote. Difu ya kawaida ya TT-02 haikutengenezwa kushika mafuta: haina gasketi kati ya kasha na kraunwili, wala oringi, pete za mpira za kuziba, pale shafti zinapotokea. Mafuta hutafuta njia, na hapa njia ziko tatu. Ukitaka mafuta unanunua difu iliyozibwa, na Tamiya wanaiuza kama kipande cha ziada. Ingekuwa kwenye gari, yale mafuta yangeenea kwenye kraunwili, yangechuruzika chini ya chesi, na kesho yake ningekuwa na lami ndogo ya vumbi imeshikamana na kila kitu. Bora ilivyotokea mezani. Nimeiosha tena yote kwa sabuni, maana silikoni haitoki kirahisi, na grisi haishiki juu yake.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefanya vile nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Difu ya mbele: grisi nzito ya AW. Nimeisukuma kwa kijiti cha kiberiti katikati ya vigia vitatu hadi ikajaa, nikafunga, nikazungusha mara hamsini kwa mkono ili isambae. Ukishika tairi moja na kuzungusha la pili, linakwenda kwa kusitasita. Sababu ni hii: difu nyepesi hupeleka nguvu kwenye tairi lisilo na mzigo. Gari likikata kona, tairi la ndani linakuwa jepesi, linazunguka bure, na gari linabaki linalia bila kwenda. Grisi nzito inalizuia kidogo. Ya nyuma nimetia seramiki peke yake, kiasi cha kupaka, kwa sababu difu nzito nyuma kwenye sakafu yenye vumbi maana yake ni mkia kwenda mbele ya kichwa.

Kraunwili na pinioni zake, vigia vya kwenye ncha za shafti ya katikati: seramiki, tena kidogo. Naweka punje moja ya mchele kila baada ya meno manne, nazungusha, kisha nafuta ile inayosukumwa pembeni. Grisi iliyo nje ya meno haifanyi kazi yoyote, inakaribisha wageni tu. Giaboksi za mbele na nyuma zina vifuniko vinavyobana vizuri, kwa hiyo humo grisi inaishi.

Gia kubwa na pinioni ya mota: kavu. Hapa ndipo tunapobishana na fundi wa pikipiki wa barabara ya pili, mzee ninayemheshimu, aliyenitazama kana kwamba nimesema naendesha bila oili.

"Mwanangu, chuma kikigusana bila mafuta ni moto."

"Shikamoo mzee, lakini hii moja si chuma."

Plastiki ya gia hizi inateleza yenyewe kwa mzigo mdogo, hasa ikikutana na pinioni ya chuma iliyo laini usoni. Sehemu ile ina kifuniko, lakini upande wa mota uko wazi na vumbi linapita humo. Nikipaka grisi pale, natengeneza msasa. Mzee alisikiliza, akacheka, akasema kwenye mnyororo wa pikipiki yeye mwenyewe huwa anafuta mafuta baada ya kupaka, yabaki ya ndani tu. Kumbe tunasema jambo moja.

Mifupa, zile shafti fupi za kwenda kwenye tairi, nimepaka ncha zake utando mwembamba wa grisi ya molibdenamu nikaufuta. Hapo ni chuma kwa chuma. Zitachafuka, nitazifuta.

Iliyobaki ni pinioni mpya ya chuma, iko njiani.

Jumapili, 29 Juni

Nimeharibu gia kubwa.

Pinioni imefika Ijumaa, meno 22 kama nilivyoomba. Imeingia kwenye shafti ya mota bila tatizo, skrubu ikakaza, nikazungusha kwa mkono ikaonekana kukubali. Nilihisi ugumu kidogo, nikajiambia ni upya. Nimewasha. Sekunde kumi hivi za mlio wa juu, halafu mlio ukakatika na mota ikaenda peke yake. Gia kubwa imepoteza meno manne mfululizo, mengine yamekuwa na nyusi.

Tatizo si idadi ya meno, ni ukubwa wake. TT-02 inatumia moduli 0.6, na moduli ndiyo kipimo cha ukubwa wa jino. Ukipiga mara 3.14 unapata nafasi ya milimita 1.88 kutoka jino hadi jino. Pinioni niliyoletewa ni ya kipimo cha inchi, 48, ambacho ukikigeuza ni moduli 0.53, nafasi milimita 1.66. Tofauti ni milimita 0.22 tu, na jino la kwanza linaingia vizuri kabisa. La pili linasukumwa. La tatu linapanda juu ya mwenzake. Nimeangalia oda yangu: nilikuwa nimeandika "meno 22, shafti milimita 3.17" na basi. Moduli sikuitaja. Muuzaji alinipa nilichoomba.

Nina gia kubwa ya akiba. Nimeagiza pinioni nyingine, safari hii nimeandika 0.6 mara tatu.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Pinioni sahihi imefungwa Jumamosi. Leo sikukuu, uwanja wa kikapu wa jirani ulikuwa mtupu, tukauvamia. Betri tatu mfululizo.

Sauti imebadilika. Kile kilio cha kukoboa kimeondoka, kimebaki kimluzi cha chini kinachopanda na kushuka na kidole. Kwenye kona mbele inavuta badala ya kulia. Baada ya kila betri nilipima mota kwa kile kipimajoto cha kuelekeza usoni tulichobaki nacho tangu enzi za korona. Kiligoma kusoma joto la mota, kikidai mota ina homa kali. Nimerudi kwenye kidole: nikiweza kukiacha juu yake nikihesabu hadi tatu, sawa.

Rafiki alikuja na bagi lake, gari la rimoti la kuruka matuta, nalo lina kelele. La kwake mota inasogea kwenye tundu refu, si kama langu, kwa hiyo mwanya wa gia ni wa kuweka mwenyewe. Alikuwa ameukaza kabisa akidhani plei, yaani ulegevu kati ya meno, ndiyo inayopiga kelele. Tulikata ukanda wa risiti ya duka, tukaupitisha kati ya pinioni na gia, tukasukuma mota mpaka ikabana karatasi, tukakaza skrubu, tukaitoa karatasi kwa kuzungusha. Ikatoka imekunjwa vidole vidole bila kutoboka. Ikitoboka umekaza mno. Halafu tukazungusha gia nzima polepole tukitikisa kila robo, maana gia ya plastiki mara nyingi haiko duara kamili, ina mahali pake pagumu. Mwanya unapimwa pale pagumu. Kelele yake imepungua nusu kwa karatasi ya risiti, naye hataki kuamini.

Jumamosi, 12 Julai

Kuna tak.

Ilianza betri ya tano. Si mngurumo, ni tak moja yenye mdundo, inasikika gari likienda polepole na kupotea likikimbia. Nikaliweka juu ya kopo magurudumu yakining'inia.

Ukizungusha tairi moja peke yake, difu inageuza la pili kinyume, na kraunwili inasimama, utasikiliza mpaka jioni bila kupata kitu. Nimemwita Baraka, yeye ashike tairi la kulia la nyuma, mimi la kushoto, tuzungushe pamoja kwa mwendo mmoja. Alama ya chaki kwenye tairi. Yeye anahesabu mizunguko, mimi nahesabu tak.

Ingekuwa kwenye kraunwili, tungesikia tak moja kwa mzunguko mmoja wa tairi. Ingekuwa kwenye pinioni ya mota, mara nane na zaidi. Tulizungusha mara tano.

"Tano, mjomba."

"Kumi na tatu."

Tano mara 2.6 ni kumi na tatu. Ile hesabu ya ukutani. Basi kosa liko kwenye kitu kinachokwenda na shafti ya katikati: gia kubwa, au moja ya pinioni ndogo zinazosukuma kraunwili. Nimeweka ncha ya bisibisi kwenye giaboksi ya nyuma na mpini sikioni, kama mafundi wa gereji wanavyosikiliza injini. Kimya. Ya mbele: tak, tak, hadi kwenye fizi.

Nimefungua mbele. Grisi bado nyeupe, haijabadilika rangi, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwenye pinioni ndogo, chini kabisa ya bonde kati ya meno mawili, kuna kitu kinang'aa. Punje ya mchanga, ya kioo, imejigandamiza kwenye plastiki hadi imejijengea kiota. Haikupita kwenye kifuniko. Nina hakika imeingia siku ile nafunga, kutoka kwenye meza hii hii niliyokuwa nimeipangusa kwa mkono.

Mswaki haukuitoa. Sindano ya cherehani imeitoa. Kwenye meno ya kraunwili yaliyokuwa yanakutana nayo kuna vishimo vidogo kama alama za chanjo. Nimeyaacha. Nimepaka seramiki punje moja, nimefunga, tumezungusha tena mara tano. Baraka amehesabu tano, mimi sikuwa na cha kuhesabu.

Meza imetandikwa gazeti jipya. Kufungua tena: baada ya betri ishirini, au ikisikika tak.